Kidole Gumba cha Bi Mwamini

I

Mume wangu alimsahau mke mwenzangu siku ya Jumatano, na mimi siku hiyo nikapika pilau. Wala sijutii pilau. Mengine nitayasema mbele huko, lakini pilau lile lilikuwa tamu na tulilila wawili tu.

Nyumba yetu hapa Ujiji ina zamu. Siku tatu kwangu, siku tatu kwa Sikitu, nyumba mbili zimeachana kwa uchochoro mmoja, na imekuwa hivyo kwa miaka ishirini na sita. Jumatano ile saa kumi na moja jioni Asumani alitakiwa avuke kwenda ng'ambo. Hakuvuka. Alikaa kibarazani pangu tukichambua mchele pamoja, jambo ambalo hajalifanya tangu tukiwa vijana. Magharibi ikapita. Mwishowe Sikitu akaja mwenyewe, kajifunga kanga mpya, akasimama uani.

"Baba Zaina, chakula kinapoa."

Asumani akamtazama kwa adabu, kisha akanigeukia mimi. "Mama Feruzi, huyu binti ni wa nani? Mkaribishe basi, mbona unamwacha amesimama?"

Binti! Sikitu ana miaka hamsini na nne na wajukuu. Alicheka kwanza, akidhani anataniwa, maana Asumani ana utani. Halafu akayaona yale macho, na kicheko kikaisha. Akanitazama mimi kama vile nimefanya uganga.

"Mwache apumzike," nikamwambia. "Kachoka tu. Kesho atakuja."

Kesho hakwenda, wala keshokutwa. Nilipomuuliza kuhusu Sikitu aliniuliza Sikitu ndiye nani. Nikimuuliza mambo ya majokofu ya mwaloni Kibirizi, kule mitumbwi inakoshusha samaki, alikofanya kazi ya ufundi maisha yake yote, ananijibu habari za yale ya zamani, ya kutumia mafuta ya dizeli. Kichwa chake kilikuwa kimerudi nyuma mpaka kwenye miaka ambayo mke wa nyumba hii alikuwa mmoja.

Nilifurahi. Nikatae ili iwe nini? Miaka ishirini na sita iliyopita mtu huyu alirudi nyumbani na samaki wawili mkononi, migebuka, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Mama Feruzi, nina jambo nataka kukwambia, naomba usikasirike." Nilikasirika siku ile na hasira hiyo sijapata kuimaliza. Sasa yeye mwenyewe alikuwa hajui kama aliwahi kusema maneno yale.

II

Wiki mbili baadaye alishindwa kufunga vifungo vya shati. Nikaogopa. Tukampeleka kliniki ya wazee kule stesheni ya zamani, watatu sote, yeye katikati. Kigari kilipofika akagoma kupanda kwa sababu hakina dereva.

"Nani anaendesha?" akauliza.

"Kinajiendesha chenyewe, Baba Zaina," Sikitu akamwambia.

"Binti, wewe panda. Mimi na mke wangu tutasubiri chenye mtu."

Ilibidi nimdanganye kwamba dereva kalala chini ya kiti.

Daktari alikuwa msichana wa Kasulu, jina lake Leokadia, sauti ndogo lakini mkono hautetemeki. Alimtoa damu kwa sindano, akaipeleka kwenye mitambo yake, akarudi amekunja uso.

"Huyu mzee hapimwi?"

"Hapimwi vipi?" nikaruka. "Miaka sita mfululizo ni kijani!"

Kwa asiyejua: msikitini kwetu kuna mashine mlangoni. Kila Ijumaa baada ya swala wazee wanaingiza kidole, na taa inawaka. Kijani, damu yako nzima. Njano, jihadhari. Nyekundu, nenda hospitali. Serikali iliiweka kwa nia njema, sisi tukaigeuza mashindano. Mzee akitoka na kijani, watu wanauliza wiki hii katoka nyumba gani, na mwenye nyumba hiyo anapita sokoni shingo juu.

"Tena anakula dagaa tangu azaliwe," nikaongeza. "Nimesikia hiyo vitamini yenu imejaa kwenye dagaa."

"Imejaa kweli, bibi. Lakini tumbo la mtu mzima wakati mwingine linaacha kutengeneza kitu kinachoibeba na kuiingiza mwilini. Anakula, na vitamini inapita tu na kutoka. Inaitwa B kumi na mbili. Bila hiyo mishipa ya fahamu inaharibika, miguu inakufa ganzi, na kumbukumbu zinaondoka." Akainua karatasi. "Kinachonishangaza ni damu yake. Mtu mwenye upungufu huu damu hudhoofika, na mashine ingeona zamani. Hii inang'aa kupita kiasi. Kuna mtu anampa foleti, ile dawa ya kuongeza damu?"

Nikamtazama Sikitu, akanitazama.

"Mimi namwekea kwenye uji," nikasema. "Matone kumi. Zamu yangu ikiangukia Ijumaa."

"Mimi kwenye kisamvu," Sikitu akasema kwa sauti ya chini. "Kijiko."

"Kijiko! Wee Sikitu, kijiko kizima?"

"Na wewe, dada, nani alikutuma matone kumi?"

"Wazazi wangu," daktari akasema, "foleti inaitengeneza damu tu. Mashine ya msikitini inaangalia damu. Nyinyi mmeipaka rangi nyumba huku nguzo zinaliwa na mchwa. Miaka sita."

Asumani alikuwa anachungulia jokofu la dawa la kliniki na kulisifu.

Daktari alimwekea kifuko siku ile ile, chini ya ngozi, kifuani karibu na bega. Kidogo kama punje ya harage, na ndani yake wamo vijidudu, jamaa wa hamira kwa maelezo yake, waliofundishwa kutengeneza B kumi na mbili ndani kwa ndani bila kupitia tumboni, pamoja na dawa ya kuiamsha mishipa iliyolala. Taa yake ilionekana kwa mbali kupitia ngozini, nyekundu. Kikiamshwa ingekuwa kijani.

"Kwa nini kisiamshwe sasa hivi?" Sikitu akauliza.

"Sheria. Zamani tulikuwa tunawaamsha wagonjwa hapa hapa. Mtu anaamka anakuta mkewe alishafariki na nyumba imeuzwa, na hakuna hata anayemjua pembeni. Mmoja alitoka akaenda kujilaza relini. Sasa mgonjwa anachagua mwamshaji, mtu mmoja anayemwamini, na kifuko kinatii kidole chake tu. Anamwamsha nyumbani, siku anayoona inafaa. Akiona bora asimwamshe kabisa, sheria inamruhusu." Akatutazama mimi na Sikitu. "Lakini vijidudu wanakaa siku thelathini. Wakifa, foleni ya wengine ni miaka miwili, na mzee huyu hana miaka miwili. Mzee wangu, unamtaka nani akuamshe?"

"Mke wangu."

"Yupi?"

Asumani akacheka. "Daktari, una macho wewe? Ninaye mmoja. Huyu hapa."

Kidole chake kikanigusa bega. Sikitu akainamisha kichwa akajifanya anafunga kanga vizuri. Sijawahi kushinda jambo lolote maishani mwangu kama nilivyoshinda dakika ile, na daktari akakichukua kidole gumba changu akakibandika kwenye kioo.

"Usichelewe, bibi," akaniambia mlangoni. "Kumbukumbu nyingi tutazirudisha. Miguu siahidi. Kila siku inayopita inapitia miguuni."

"Atakumbuka kila kitu?"

"Karibu kila kitu."

"Na watu?"

"Na watu, bibi. Watu ndio wanarudi wa kwanza."

III

Sikumwamsha.

Nilimwambia Sikitu nimeshabonyeza, na kwamba daktari alisema mambo yatakuja taratibu. Sauti ya kliniki ilikuwa inapiga simu kila asubuhi kuuliza, nami nikaijibu kwamba mzee bado amechoka. Nafsi yangu nikaiambia kwamba Asumani ana raha, kwa nini nimtoe kwenye raha nimrudishie uzee na madeni na wenzake waliokufa? Maneno mazuri hayo. Ningeweza kuyasema mbele ya kadhi. Yalikuwa uongo mtupu, sababu ilikuwa Sikitu.

Nyinyi hamjui ilivyokuwa. Aliniita Mwamini, jina langu, si Mama Feruzi. Alinipaka mafuta ya mawese visiginoni kwa mikono yake. Usiku sikuhesabu siku za kubaki nazo, maana zote zilikuwa zangu. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa na nusu mume, na sasa nilikuwa na mzima, hata kama huyo mzima aliniuliza mara nne kwa siku kama tumeshakula.

Siku ya kumi na mbili alikanyaga kaa la moto jikoni. Akaendelea kusimama juu yake akinisimulia habari ya kompresa ya jokofu iliyowasumbua mwaloni. Ni mimi niliyesikia harufu. Nilimsukuma, nikamwaga maji, nikaukuta unyayo umebabuka, na yeye ananiuliza kwa nini nalia. Nililia kweli. Nikautia dawa, nikaufunga kitambaa. Nikaweka kidole changu juu ya kile kifuko, kikapata joto chini ya kidole.

Nikakiondoa. Nilisema kesho. Kesho yake nikapata sababu nyingine.

Sikitu alikuwa anakuja kila jioni na samaki. Asumani alimpokea kama jirani, na yeye akaukubali ujirani. Anakaa kwenye mkeka, anajitambulisha upya, "Mimi Sikitu, nakaa hapo ng'ambo," anamuuliza habari za kazi. Kwanza nilimhurumia, huruma ya aliyeshiba. Halafu nikaona kitu ambacho sikukipenda. Asumani alianza kunyoa ndevu mchana.

"Yule binti wa samaki haji leo?" ananiuliza saa tisa.

"Sijui."

"Mh. Jua halijazama bado." Na anakwenda kukaa mahali pa kuuona uchochoro.

Sikitu naye akaanza kupaka wanja. Alikuwa anacheka kicheko ambacho sijakisikia kwake hata siku moja, cha chini chini, kiganja mdomoni. Mimi nipo jikoni nakaanga samaki wake, nasikia. Samaki wakaungua.

Siku ya ishirini na moja tulipomaliza kula, Asumani alivuta kigoda akakaa mbele yangu.

"Mama Feruzi, nina jambo nataka kukwambia, naomba usikasirike."

Ni yale yale ya miaka ishirini na sita iliyopita. Si maneno tu, hata namna ya kuyafuta magoti kwa viganja ilikuwa ile ile.

"Sema," nikamwambia.

"Yule binti anayeleta samaki. Nataka nimuoe."

Siku ile nililia. Mtu mzima, miaka sitini na tisa, nililia jikoni nikiwa nimeziba mdomo na kanga. Kesho yake Asumani alikuwa amesahau kwamba ameniambia. Akavuta kigoda. "Mama Feruzi, nina jambo nataka kukwambia, naomba usikasirike." Siku ya pili nilimtukana. Siku ya tatu nikamwambia aoe, potelea mbali, aoe hata kumi. Akafurahi mno, akanishukuru, akanishika mikono, na siku ya nne akaja kuniomba ruhusa upya. Wanawake wengine hutangaziwa uke wenza mara moja, wakaugua, wakapona. Mimi nilitangaziwa mara nane kwa siku nane, na kila mara kidonda ni kibichi kwa sababu yeye kila mara ana haya ile ile na mapenzi yale yale.

Siku ya ishirini na tisa alivaa kanzu nyeupe tangu asubuhi.

"Mama Feruzi, naomba uende wewe ukaniposee. Wewe ni mkubwa, atakuheshimu."

Nikamtazama. Nilikuwa na mke mwenza niliyemzoea. Mke mwenza anayeunguza wali, anayenuna akikatazwa, ambaye Asumani aligombana naye kila mwezi mwandamo na kuja kunisimulia mimi. Huyo nilijua namna ya kuishi naye. Huyu wa wanja na kicheko alikuwa bi harusi, na hakuna mke mkubwa anayemshinda bi harusi. Afadhali yule wa zamani arudi na kasoro zake zote.

Nikamfungua kanzu kifuani nikabonyeza. Msinisifu. Sikumwamsha kwa huruma, wala kwa kumwogopa Mungu, nilimwamsha kwa wivu ule ule ulionizuia. Taa ikageuka kijani na Asumani akasema, "Ah," akaomba alale.

IV

Alilala siku mbili, anaamka kunywa uji tu, na Sikitu akija jioni namrudisha mlangoni, namwambia kachoka. Siku ya tatu asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, kichwa kainamisha upande mmoja, anasikiliza.

"Jokofu lako linavuja gesi," akasema. "Nilikwambia mwaka jana."

Mwaka jana! Nikakaa chini.

"Zaina amejifungua?"

"Mvulana," nikasema. "Yapata mwezi sasa."

Akafikicha macho. Nilimwona anavyorudi, jambo moja moja, na uso wake ukizeeka mbele yangu. Akawauliza wenzake wa mwaloni, nami nikamwambia nani amebaki. Halafu akashusha miguu sakafuni. Akaitazama. Akaiinua, akaishusha tena kwa nguvu.

"Mama Feruzi, mbona siisikii sakafu?"

Nilikuwa nimeshampigia Daktari Leokadia alfajiri ile. Hakunifokea. Aliniambia tu kwamba kama ningebonyeza wiki ya kwanza miguu ingerudi, na kwamba sasa afundishwe kutembea kwa kuitazama.

"Haitarudi," nikamwambia Asumani.

"Kwa nini?"

Ningeweza kumpa uongo, hakuna ambaye angenipinga. Lakini alikuwa ananitazama kwa macho yake mwenyewe, na sikuwa nimeyaona kwa muda mrefu.

"Niliambiwa nikuamshe siku ya kwanza. Nimekuamsha siku ya ishirini na tisa."

"Ulikuwa unasubiri nini?"

"Ulikuwa umemsahau Sikitu. Nilitaka ubaki hivyo. Niliona wivu, Baba Feruzi."

Alikaa anazifinya nyayo kwa vidole, akafika kwenye lile kovu la moto, akalizungushia kidole.

"Nilikuwa na raha?" akauliza.

"Sana."

"Na wewe?"

"Wiki tatu," nikasema.

Akatafuta fimbo, akajiinua. "Nipeleke kwa Sikitu. Zamu zake zimepita nyingi, lazima zilipwe. Mengine tutazungumza mimi na wewe nikiweza."

Uchochoro ule ni hatua kumi na nne. Tulichukua robo saa. Kila hatua anaangalia chini, anaweka mguu, anaangalia tena, na mimi nimemshika kiwiko.

Sikitu alifungua kabla hatujabisha. Alikuwa amejifukiza udi, kajitanda kanga mpya, wanja machoni, tena asubuhi ile. Alikuwa anangoja mtu. Akamwona Asumani akatabasamu kwa haya.

"Mama Zaina," Asumani akamwambia. "Hujambo, mke wangu. Nisamehe, nimechelewa."

Tabasamu likaondoka. Mtu angetegemea alie kwa furaha, apige vigelegele. Sikuona furaha. Uso ule niliujua, ni uso wa mtu aliyenyang'anywa kitu.

"Ameamka," nikamwambia.

"Naona."

"Sikitu, nilikudanganya. Sikubonyeza siku ile. Nimebonyeza juzi."

"Najua, dada."

"Unajua nini?"

"Taa. Kila akiinama kupokea samaki naiona kwenye shati, nyekundu. Tangu siku ya pili."

Nikamshika mkono. "Na hukumwambia daktari? Hukuja hata kunipigia kelele?"

Sikitu akaitazama ile miguu ya Asumani, mmoja mbele, mmoja nyuma, umekaa upande upande bila mwenyewe kujua.

"Mimi sikuposwa, dada. Alikuja mjomba akaniambia nimeshaolewa, nikafunganya. Mara hii aliniuliza mwenyewe kama nitamkubali. Aliniuliza kila siku, dada, kila siku kama ndiyo mara ya kwanza. Nikasema nimwache aniulize mara moja tu tena. Halafu moja tena."

Asumani alitutazama mmoja baada ya mwingine. Alikuwa ameelewa, kichwa chake sasa kilikuwa kizima. Aliinua mguu kutafuta kizingiti, akakikosa, akakigonga, akainua tena, akakikosa.

"Shika mlango, baba," Sikitu akamwambia.

Akaushika kwa mikono miwili. Nikainama nikaukamata mguu wa kulia. Sikitu akapiga magoti mbele yangu akaukamata wa kushoto.